Muulize Mhandisi: Nani Amejaza Tangi la Juu?

Mwezi uliopita niligusia, kwa sentensi mbili tu, kwamba baadhi ya majengo marefu hubeba maji kileleni ili yasiyumbe sana kwa upepo. Sentensi hizo mbili zimeniletea barua nyingi kuliko makala zangu zote za nyufa za zege, na nyufa ndizo zilizonilisha miaka yote hii. Nimechagua barua sita. Nyingine zilikuwa za kunikosoa kwa heshima kubwa; hizo nimezisoma na kuziweka kando.

*Shikamoo mama mhandisi. Naishi ghorofa ya 44. Usiku wa upepo mkali maji ya kwenye bakuli la choo hupanda na kushuka, mlango wa kabati hugongagonga, na mke wangu hushikwa na kichefuchefu utadhani yuko chomboni baharini. Msimamizi wa jengo huniambia nisihofu, juu kuna tangi la maji linalotuliza. Mimi sikusoma uhandisi, lakini nijuavyo kitu ukikitwika mzigo kichwani ndipo kinapoyumba zaidi. Hayo maji yanatulizaje?*

Marahaba, baba. Swali la mzigo nitalifikia, ila acha nianze na upepo wenyewe, maana wengi huuelewa nusu. Wanadhani jengo huyumba kufuata upande upepo unakoelekea, kama mti unavyoinama. Hilo lipo, lakini upepo unaovuma mfululizo huliinamisha jengo kidogo na kulishikilia pale pale, na mwili wako hausikii kitu. Kinachokuamsha usiku mara nyingi ni mwendo wa ubavuni. Upepo ukifika kwenye kona za jengo huachana na kuta, kisha hujikunja kwa nyuma ukawa visulisuli. Kimoja huzaliwa kulia, kinachofuata kushoto, tena kulia, tena kushoto, kwa zamu. Kila kimoja hulivuta jengo upande wake.

Jengo nalo lina mapigo yake ya asili, yaani muda linaotumia kwenda na kurudi likishaguswa na kuachwa. Kwa makadirio ya haraka huwa tunachukua urefu wake kwa mita tunagawa kwa 46, kwa hiyo jengo la mita 276 hupata sekunde 6. Sasa fikiria siku ambayo kasi ya upepo inavifanya visulisuli vizaliwe kwa mapigo yale yale. Kwa jengo la mraba lenye upana wa mita 30 siku hiyo ni ya upepo wa kilomita 150 kwa saa hivi kule juu. Kila mvuto unalikuta jengo tayari linaelekea huko huko. Aliyewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea anajua: huhitaji nguvu, unahitaji kusukuma kwa wakati wake.

Mwili wa binadamu haujali jengo limekwenda umbali gani. Unachohisi ni kasi inavyobadilika, ambayo sisi huiita mchapuko. Kilele kikienda sentimita 10 kila upande kwa mapigo ya sekunde 6, mchapuko wake ni sehemu 11 kwa elfu ya mvutano wa dunia. Unaonekana ni mdogo, lakini watu wengi huanza kushtuka kwenye sehemu 5 hivi. Kwa nyumba za kuishi, wabunifu hujitahidi dhoruba inayotarajiwa mara moja katika miaka 10 isipite sehemu 15 hadi 18. Ofisi huachiwa mpaka 20 au 25, kwa kuwa ofisini watu hawalali, au tuseme hawatakiwi kulala.

Tatizo la jengo refu ni kwamba likishaanza halinyamazi. Jengo la kawaida la namna hiyo hupoteza kiasi cha asilimia 6 tu ya mwendo wake kila linapokwenda na kurudi. Maana yake upepo ukikatika ghafla, jengo lako la sekunde 6 litahitaji mizunguko 11, zaidi ya dakika nzima, ili kuyumba kupungue nusu. Fundi wa magari angelikagua mara moja tu akasema shokapu zimekufa.

Ndipo maji yanapoingia. Chukua ndoo yenye maji nusu, tembea nayo mkononi, kisha badilisha mwendo. Utaona maji hayaendi nawe. Yanabaki nyuma kidogo, halafu yanakuja kwa pupa wakati wewe umeshageuka. Siri ya tangi la juu ni huko kuchelewa. Likitengenezwa ili mapigo ya maji yalingane na mapigo ya jengo, maji huchelewa kwa robo ya mzunguko kamili. Kwa hiyo jengo linapopita katikati likikimbilia kushoto, na hapo ndipo kasi yake ni kubwa kuliko pengine pote, maji yamerundikana kwenye ukuta wa kulia na yanausukuma ukuta huo kulia. Jengo likirudi mbio kulia, maji yameshahamia kushoto. Kila safari yanasukuma kinyume cha mwendo. Ni mtu mbishi, lakini mbishi anayeshika saa.

Sasa mzigo wako. Ukipandisha jiwe juu ukalifunga kwa bolti, umesema kweli: jengo litapata mzigo wa bure na mapigo yake yatakuwa ya polepole zaidi. Tofauti ya maji ni kwamba hayajafungwa. Uzito wake huwa kama asilimia 1 ya uzito wa jengo unaoshiriki kuyumba, na nguzo zilihesabiwa kuubeba tangu kwenye michoro. Tangi zuri likitunzwa hufanya kuyumba kwa mapigo kushuke karibu nusu, na ule muda wa kunyamaza ushuke kutoka dakika nzima hadi sekunde 20 hivi. Halisimamishi jengo kabisa, na msimamizi wako asikuahidi hivyo. Wala halikuwekwa ili jengo lisianguke. Nguvu ya jengo hubebwa na zege na chuma. Maji kazi yake ni tumbo la mke wako.

Nina ombi moja. Simu yako ina kihisi cha mchapuko ndani yake, na programu za bure za kukisoma zipo. Usiku wa upepo ilaze sakafuni, mbali na friji, iache irekodi dakika 10, kisha hesabu sekunde kati ya kilele kimoja na kingine. Halafu muulize msimamizi swali hili tu: kina cha maji kwenye lile tangi kilipimwa lini mara ya mwisho? Kwa nini naliuliza, soma barua inayofuata.

*Mama, pole na kazi. Mimi ni msimamizi wa jengo la ghorofa 50. Tangi letu la juu lina kuta za mita 3 lakini maji yake ni mita moja na nusu tu. Kamati ya wakazi inaniandama: wengine wanataka nilijaze, wengine wanasema maji yanakaa bure wakati vyoo vinakauka mgao ukija. Nimekwama.*

Usilijaze. Usilichote. Funga mlango, ufunguo ukae mfukoni mwako, kisha uwasomee wanakamati haya yafuatayo.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye jengo ambalo jina lake nitalihifadhi. Wakazi walikuwa wameishi miaka mitatu bila neno, halafu ghafla msimu mmoja wa upepo malalamiko yakamiminika: taa zinacheza, watoto wanalia, mtu mmoja amehama. Mwenye jengo alishaita watu wa kupiga picha nguzo. Mimi nikaomba nipandishwe juu kwanza. Lifti iliishia ghorofa mbili chini ya tangi, na magoti yangu yanakumbuka kila ngazi ya zile mbili zilizobaki. Mlango wa chuma, giza, harufu ya unyevu. Nikamulika tochi. Ukutani kulikuwa na mstari mwekundu uliopakwa rangi na mbunifu, umeandikwa 1.5. Mstari ulikuwa chini ya maji. Ulikuwa ukitetemeka kule chini kama samaki.

Fundi bomba aliyekuwa nami, kijana mwungwana kabisa, akaniambia kwa fahari, "Nilikuta limepungua, mama, nikalijaza kidogo." Kidogo chake kilikuwa nusu mita.

Tufanye hesabu pamoja. Tangi lile lilikuwa na urefu wa mita 10 upande wa kuyumba. Kwa kina cha mita 1.5, maji yake huenda na kurudi kwa sekunde 5.4, na jengo lile lilikuwa la sekunde 5.4. Kina kikifika mita 2, mapigo ya maji yanakuwa ya haraka zaidi, sekunde 4.8. Tofauti ya sekunde 0.6 utasema ni nini? Ni kila kitu. Mbishi wetu amepoteza saa yake: sasa anasukuma mara mbele, mara nyuma, mara hafiki kabisa. Ukilipunguza mpaka mita 1 kwa kuvuta maji ya vyoo, unapotea kwa upande wa pili, sekunde 6.5. Tangi la matumizi hupimwa kwa lita. Hili lako hupimwa kwa sekunde.

Tulitoa maji mita za ujazo 40 usiku ule, taratibu, ili tusifurikishe mabomba ya chini. Alfajiri upepo ulirudi na nikabaki mle ndani na tochi yangu. Maji yalianza kwa kunong'ona. Kisha wimbi likajenga, likapanda ukuta wa kulia kiasi cha shubiri mbili juu ya mstari mwekundu, likakaa kama linafikiri, likarudi. Katikati ya tangi zilisimama nyavu mbili za chuma cha pua, na kila wimbi lilipopenya matundu yake lilitoa sauti ya mtu anayefua nguo nzito. Sauti ile ndiyo nguvu ya upepo ikifa: inakuwa povu, mchafuko, na joto dogo ambalo hakuna kipimajoto kitakachoonyesha. Bila nyavu maji yangeichukua nguvu ya jengo kisha kulirudishia dakika inayofuata.

Ndiyo maana kuta zako ni mita 3. Ile nafasi tupu ya juu ni njia ya wimbi. Ukiijaza, wimbi litapiga dari.

Kuhusu vyoo, jibu ni hapana, hata mgao ukidumu wiki. Kuna majengo ambayo maji ya kutuliza ni akiba ya zimamoto pia, lakini yalibuniwa hivyo tangu mwanzo, na siku ya moto hakuna atakayelalamika kwamba jengo linayumba. Kazi zako ni chache: pima kina kila mwezi kwa fimbo ile ile, mahali pale pale, siku isiyo na upepo, uandike kwenye daftari. Maji hupungua yenyewe kwa mvuke, kwa hiyo boya la kujazia likikwama utajua mapema. Angalia ukoga, angalia kutu kwenye nyavu, angalia kuvuja. Kwenye nchi za baridi kali huongezwa dawa ya kuzuia kuganda, kwa kuwa barafu haichezi. Mstari ukififia, upake upya, ila usiupake kwa kukisia, leta mpimaji.

Yule kijana wa bomba, kama unasoma: sikukasirika. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi. Nimeona michoro ya matangi ya boksi na mengine yenye umbo la U. Lipi bora, na hesabu yake inafanywaje?*

Bora ni lile linaloingia kwenye chumba ulichopewa na msanifu, na msanifu hatakupa chumba unachokitaka. Hilo hawalifundishi mwaka wa tatu.

La U ni rahisi kulihesabu. Chukua urefu wote wa maji, ukifuata mkunjo kutoka uso wa maji upande mmoja mpaka uso wa upande mwingine. Gawa kwa 19.62, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 6.28. Basi, hizo ndizo sekunde zako, mradi upana wa mfereji haubadiliki njiani. Unataka sekunde 6? Unahitaji mita 18 za maji. Unataka 8? Karibu mita 32, na sasa unaelewa kwa nini msanifu anakukunjia uso. Badala ya nyavu, U hutumia ukuta wenye tundu katikati ya mfereji wa chini. Maji hukabwa yakipita hapo na kupoteza nguvu.

Boksi lina ujanja zaidi, maana urefu na kina vyote viwili vinaamua. Usiniamini, jaribu. Tafuta trei ya mstatili yenye urefu wa sentimita 40 na kuta ndefu. Weka maji sentimita 5, iinue upande mmoja kidogo, iachie. Hesabu mara 10 za kwenda na kurudi: utapata sekunde 12 hivi. Ongeza maji mpaka sentimita 10 na urudie: utapata 9. Kisha chomeka wavu katikati, wa kuzuia mbu unafaa, uone mawimbi yanavyokufa haraka. Ongeza wavu wa pili, wa tatu, wa nne. Mahali fulani utavuka mpaka: maji yatakuwa yamekabwa mno, hayatacheza, na dampa (ndilo jina la kifaa chochote cha kutuliza kuyumba) isiyocheza ni mzigo tu. Kutafuta kiasi cha katikati ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo maana matangi haya hujaribiwa kwa mifano midogo juu ya meza ya kutikisa kabla ya kujengwa. Jihadhari pia na mawimbi makubwa kwenye maji ya kina kifupi. Yakianza kuvunjika hayafuati tena zile hesabu nzuri za daftarini. Mapigo yake huharakisha.

Wazo lenyewe lilitoka melini. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Mjerumani Hermann Frahm alitia matangi ya umbo la U kwenye meli ili zisilale huku na huku baharini. Majengo yalisubiri. Mwaka 1987 Wajapani walitia vyombo vya maji kwenye mnara wa kuongozea ndege wa Nagasaki, wa mita 42, na mwaka huo huo kwenye Yokohama Marine Tower. Huko hawakutumia tangi moja kubwa. Walitumia vyombo vidogo vingi, maana chombo kidogo ni rahisi kukiongeza au kukiondoa. Mwaka 2001 jengo la One Wall Centre la Vancouver, ghorofa 48, lilipata matangi mawili ya U, kila moja galoni 50,000. Mwaka 2008 Comcast Center ya Philadelphia, mita 297, ikawekewa la galoni 300,000, lita zaidi ya milioni 1.1. Anza kusoma na la Vancouver. Ni dogo kiasi cha kueleweka.

*Kwa nini wasitumie chuma tu? Lile jengo refu la Taiwan, Taipei 101, lina mpira wa chuma unaoning'inia, watalii wanaupiga picha. Maji yanaonekana kama njia ya kubana matumizi.*

Ndivyo ilivyo hasa, na sioni aibu kusema. Ule mpira una uzito wa tani 660 na kipenyo cha mita 5.5, bamba 41 za chuma zimepangwa zikawa tufe, umening'inia kutoka ghorofa ya 92 mpaka ya 87. Agosti 2015, kimbunga Soudelor kilipopita, ulisogea mita nzima. Ni mashine nzuri sana. Lakini ina kamba, ina majeki ya mafuta, ina viungo vinavyotaka grisi na mtu wa kuvitazama. Maji hayana kiungo hata kimoja. Mapigo yake unayarekebisha kwa kufungua bomba.

Gharama ya maji ni nafasi. Tani 660 za maji ni mita za ujazo 660, yaani chumba cha mita 10 kwa 33 chenye maji ya mita 2, na juu yake njia ya wimbi. Tena kwenye U yale maji ya miguu ya kusimama hayasukumi ubavuni kama ya mfereji wa chini, kwa hiyo si kila tani unayoipandisha inafanya kazi. Ghorofa ya juu kabisa ndiyo inayouzwa kwa bei kubwa, na mwenye jengo anajua. Nimewahi kukaa kikao cha saa nne ambacho mada yake ya kweli ilikuwa mita moja na nusu ya chumba cha kulala.

Na dawa nyingine ni kutohitaji dampa kabisa. Burj Khalifa, lile jengo la Dubai la mita 828, haina mpira wala tangi la namna hii. Umbo lake hubadilika kadiri linavyopanda, kwa hiyo visulisuli vya kila kimo huzaliwa kwa mapigo tofauti, havipati nafasi ya kushirikiana. Ukiweza kuuchanganya upepo mapema kwenye michoro, usinunue chuma wala maji.

*Jengo letu lina bwawa la kuogelea juu. Je, si linatuliza pia? Na tetemeko la ardhi je?*

Bwawa linacheza, ndiyo, lakini kina chake kilichaguliwa kwa ajili ya waogeleaji, si kwa ajili ya sekunde. Likilingana na jengo kwa bahati nzuri, siku ya upepo maji yatawafuata waogeleaji mpaka kwenye viti.

Tetemeko: usilitegemee tangi. Upepo huvuma saa nzima, maji yana muda wa kuanza kucheza. Tetemeko hupiga kwa muda mfupi, kwa mapigo ya kila aina, na likiwa kali hulipasua jengo kidogo likabadilisha mapigo yake. Huko tunategemea nondo.

*Mama, mimi ni mke wa yule wa ghorofa ya 44. Najua amekuandikia. Hajui kwamba usiku wa upepo akishalala mimi huhamia kwenye kochi la sebuleni, na huko natulia. Chumba chetu kipo pembeni, kwenye kona, sebule ipo karibu na lifti. Au ni akili yangu tu?*

Si akili yako, mwanangu. Umegundua kitu ambacho mumeo hakukiandika. Jengo lenu haliendi ubavuni tu. Linajipinda pia, kama mtu anayekataa kwa kutikisa mabega. Karibu na lifti upo kwenye mhimili wa kujipinda huko, unasikia kuyumba peke yake. Kwenye kona unasikia vyote viwili. Zaidi ya hayo, chumba cha kona kina madirisha pande mbili, na jengo likijipinda taa za mbali huonekana zinatembea. Macho yanaona hivyo, masikio ya ndani yanaona vingine, tumbo linalipa.

Kwa hiyo funga mapazia yote mawili kabla upepo haujaanza, na siku za namna hiyo laleni sebuleni bila kuona haya. Mwambie baba watoto ile simu airekodi mara mbili, mara moja kwenye kona na mara moja pale kwenye kochi, aniletee zote. Ikionekana kujipinda ndiko kukubwa kuliko kuyumba, basi hilo tangi lenu la katikati hata likiwa kwenye mstari wake mwekundu haliwezi kuwasaidia sana. Litahitaji wenzake pembeni, na hiyo itakuwa barua ya kwenda kwa mwenye jengo, nitawasaidia kuiandika.